Stadi Iliyokatikia Ndani Wakati wa Kubadilisha Turbo: Namna ya Kuitoa Bila Kuongeza Hasara

Kazi ya kubadilisha turbo, ukiisoma kwenye kitabu cha matengenezo ya gari, huonekana kuwa kazi ya kufungua na kufunga tu. Unaondoa mabomba ya hewa, unafungua bomba la oili linaloingia na lile linalorudisha, unafungua la maji ikiwa lipo, kisha unalegeza nati zinazoishikilia turbo kwenye manifoldi ya ekzosi (bomba la chuma linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda), na baada ya hapo ya zamani inatoka na mpya inaingia mahali pake. Kinachoweza kuirefusha kazi hiyo kupita makadirio yoyote ni bolti au stadi moja (bolti isiyo na kichwa, iliyofungwa ndani ya chuma na kushikwa kwa nati) kukatika na kipande chake kubaki ndani ya chuma. Hali hiyo ilinipata nilipokuwa nikibadilisha turbo ya gari langu la dizeli, na tangu wakati huo nimeshirikiana na wengine waliopatwa na jambo hilohilo. Ninachotaka mwenzangu akishike kabla ya kugusa kifaa chochote ni kwamba kipande kilichobaki ndani hutoka karibu kila mara, ilimradi kila njia unayoijaribu isiharibu uwezekano wa njia itakayofuata. Wengi walioshindwa kukitoa walianza na njia kali mno, wakajifungia wenyewe zile njia za upole ambazo bado zilikuwa wazi.

Inafaa kuelewa kwanza kwa nini bolti za sehemu hii hukatika kwa urahisi kuliko za sehemu nyingine za injini. Moshi unaotoka kwenye silinda za injini ya dizeli inayobeba mzigo unaweza kufikia nyuzijoto 700 hadi 800 za Selsiasi, na katika injini ya petroli yenye turbo huweza kupita 900, kiasi kwamba manifoldi hung'aa wekundu gizani. Kila safari huipasha stadi joto hilo, na kila gari linapozimwa stadi hurudi kwenye baridi. Baada ya miaka kadhaa ya kutanuka na kusinyaa, chuma chake huwa kimevutika, kimekuwa chembamba kidogo na kimeanza kuchoka, huku tabaka la kutu ngumu likijijenga kati ya hesi za stadi, yaani ile mikato yake ya mzunguko, na hesi za tundu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa hiyo hujaza kila mwanya na kuzibana hesi pamoja. Mahali penye udhaifu mkubwa ni kwenye shina la hesi ya kwanza, palepale stadi inapoingia kwenye chuma kikubwa, na ndiyo maana mara nyingi hukatika sawasawa na uso wa chuma au chini yake kidogo, pasipo kubakiza hata ncha ya kushika.

Ipo sababu nyingine isiyotajwa sana. Turbo nyingi huwa na mkono wa chuma unaozishikilia kwa chini au kwa ubavuni na kuziegemeza kwenye bloku ya injini. Mkono huo ukifunguliwa katika matengenezo fulani na usirudishwe, uzito wote wa turbo pamoja na mtikisiko wake hubebwa na stadi tatu au nne za manifoldi, nazo huanza kupata nyufa muda mrefu kabla ya siku ya kufunguliwa. Kwa hiyo stadi inapokatika mikononi mwako, chunguza kwanza uso uliokatika. Ukiona sehemu moja ya uso huo imepakwa weusi au rangi ya kutu na sehemu nyingine inang'aa kama chuma kipya, fahamu kwamba ufa ulikuwepo tangu zamani, na uitafute sababu yake kabla ya kufunga turbo mpya, la sivyo stadi mpya nazo zitafuata mkondo uleule.

Kabla hujafikia hatua ya kukatika, yapo mengi ya kufanya, na hapa sipendi haraka hata kidogo. Mafuta ya kupenya kutu yapakwe kuanzia siku iliyotangulia, yarudiwe mara kadhaa, na kila baada ya kupaka igongwe nati kwa nyundo ndogo ili mtikisiko uyasaidie mafuta kuingia. Soketi iwe ya pembe sita, kwa kuwa ile ya pembe kumi na mbili huwahi kuteleza na kuiviringa nati iliyoliwa na kutu. Unapoanza kulegeza, ikaze kwanza kwa mguso mdogo upande wa kufunga, kisha ulegeze robo mzunguko, urudishe nusu ya hiyo, upake mafuta tena na kuendelea hivyo. Nati inayotoka kwa usalama huwa inatoa mlio mkavu wa kusuguana, na mkono unahisi ugumu wenye mikwaruzo. Stadi inayokaribia kukatika haina mlio huo. Spana huanza kunesa, inazunguka kwa ulaini usio wa kawaida kana kwamba unakunja ulimi wa mpira, na ukiacha kuisukuma hurudi nyuma kidogo. Ukihisi hivyo, simama papo hapo. Nati yenyewe ni kitu cha kutolewa kafara: ipasue kwa patasi kali au ikate kwa grainda upande mmoja hadi ifunguke, na stadi itabaki nzima, ikiwa na urefu wa kutosha wa kushikwa na kuzungushwa baadaye.

Stadi iliyonikatikia ilikuwa imelowekwa kwa utaratibu huohuo, na tatu nyingine zilitoka vizuri. Hiyo ya nne ilikuwa ile iliyo karibu zaidi na bloku ya injini, mahali ambapo mkono unafika kwa shida na macho hayafiki kabisa bila kioo kidogo, na ilikatika sawa na uso wa manifoldi. Jambo la kwanza la kuamua katika hali ya namna hiyo ni iwapo kazi itafanyiwa palepale garini au manifoldi itolewe ikafungwe kwenye jiliwa. Uamuzi huu una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana. Ukiitoa manifoldi unapata nafasi, mwanga, na uwezo wa kutumia drili ya kusimama inayotoboa kwa unyoofu, lakini unajiingiza katika hatari ya kukata stadi nyingine zinazoishikilia manifoldi kwenye silinda hedi, na hizo ni balaa kubwa zaidi kwa sababu hedi nyingi ni za alumini. Mimi huzijaribu kwanza nati za manifoldi kwa upole, na zikilegea bila kupigana ninaitoa. Zikionyesha ukaidi ninaziacha, nami ninafanya kazi palepale. Katika gari langu zililegea, na manifoldi ikaenda mezani.

Ukilazimika kufanyia kazi garini, usianze kutoboa wala kusaga kitu chochote kabla ya kuziba kila tundu lililo wazi. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika turbo ndogo za magari ya kawaida huweza kupita 200,000. Chenga moja ya chuma iliyodondokea kwenye njia ya moshi itasukumwa hadi kwenye mapanga ya turbini mara tu injini itakapowaka, na turbo uliyoinunua leo itakuwa na mapanga yaliyomeguka kabla hujafika mwisho wa barabara. Tumia matambara makubwa yasiyoweza kumezwa na tundu, acha sehemu ya kila tambara ikining'inia nje ionekane, na uyahesabu unapoyaweka na unapoyatoa. Mabomba ya oili yafungwe kwa mkanda wa plastiki, kwa sababu mchanga mdogo au chenga ndani ya njia ya oili huua beringi za turbo kwa haraka kuliko kasoro nyingine yoyote ninayoifahamu. Ukimaliza kutoboa, sumaku itakusaidia kuokota chenga za chuma, lakini za alumini haitazigusa, na hizo zinahitaji kuvutwa kwa mashine ya kunyonya vumbi au kufutwa kwa tambara lenye grisi.

Baada ya maandalizi hayo ndipo unapoitazama hali ya kipande chenyewe. Ikiwa kimebaki kikichomoza sentimita moja au zaidi, na hesi zake bado ni nzima, funga nati mbili juu yake, uzibane moja dhidi ya nyingine kwa spana mbili, kisha uzungushe ile ya chini upande wa kufungua. Hii ndiyo njia ya upole kuliko zote. Vaisi gripu, yaani koleo la kujifunga lenyewe, inaweza kutumika ikiwa hesi zimeharibika, ila nina tahadhari nayo: ikiteleza mara mbili, kipande kitakuwa kimekwanguliwa na kuwa chembamba, na usiendelee kukitafuna kwa meno yake wakati njia bora zaidi ingalipo.

Njia hiyo bora ni moto, na hasa moto unaotokana na kuchomelea nati juu ya kipande. Naitetea njia hii kwa moyo wote kwa sababu imetoa vipande ambavyo wenye navyo walikuwa wamekata tamaa. Safisha uso wa kipande kwa brashi ya waya hadi king'ae. Usitumie dawa ya kusafishia breki mahali utakapochomelea, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina kemikali za klorini ambazo zikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya fosijini, nayo ni sumu inayoweza kuua. Tenganisha nyaya za betri, na klampu ya kurudishia umeme uibane karibu kabisa na sehemu unayochomelea, ili umeme usipite kwenye beringi na vifaa vya elektroniki vya gari. Weka wosha juu ya kipande, ichomelee katikati mpaka ishikane na stadi, kisha weka juu yake nati kubwa kuliko ile ya awali na uichomelee kwa ndani na pembeni. Joto litashuka hadi kwenye hesi zilizofichika. Stadi hujaribu kutanuka lakini imebanwa na chuma kinachoizunguka, kwa hiyo hujikandamiza na kuivunjavunja ile kutu, na inapopoa husinyaa na kuacha mwanya mdogo ambao haukuwepo.

Subira inayofuata ndiyo inayoamua mambo. Nati ikiwa bado nyekundu usiizungushe, kwa sababu chuma chekundu ni laini na mchomeleo utakatika. Subiri wekundu upotee, na wakati chuma bado ni cha moto kiguse kwa kipande cha mshumaa pembezoni mwa stadi. Nta itayeyuka mara moja, utaiona inavutwa ndani ya hesi na kupotea huku moshi mwembamba ukipanda, na huko ndani itatumika kama kilainisho. Kisha weka spana na usukume kidogo upande wa kufunga, kidogo upande wa kufungua, bila kupania. Katika kipande changu, mara ya kwanza nati ilikatika pamoja na mchomeleo, jambo ambalo ni la kawaida na halina hasara yoyote, maana kila mchomeleo unaorudiwa unaongeza mzunguko mmoja wa kupasha na kupoza. Iliporudiwa, unga wa kutu wa rangi ya kahawia iliyoiva ulianza kuchomoza pembezoni ukiwa umelowa nta, mlio mkavu ukasikika, na stadi ikasogea upana wa ukucha. Kuanzia hapo kazi ilikuwa kuirudisha nyuma na mbele na kuiongezea mafuta mpaka ikatoka nzima.

Kuna tofauti ya kuzingatia kati ya vyuma. Kipande kikiwa ndani ya silinda hedi ya alumini, unaweza kuchomelea hata kama kimekatikia chini ya uso, kwa sababu chuma cha waya wa kuchomelea hakishikani na alumini. Jaza taratibu tundu kwa chuma juu ya kipande mpaka kifike usoni, kisha weka nati. Alumini pia hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, na tofauti hiyo inaisaidia kazi. Hata hivyo alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, na aloi za hedi huanza kulainika mapema zaidi, wala haibadiliki rangi kukuonya, kwa hiyo usiielekezee moto wa tochi ya gesi kwa muda mrefu mahali pamoja. Katika manifoldi ya chuma cha kusubu hali ni kinyume: tochi inaweza kutumika kwa ukarimu kuzunguka tundu, lakini kuchomelea chini ya uso kunaweza kuigandisha stadi kwenye kuta za tundu, na hapo utakuwa umeifunga milele. Asiye na uzoefu wa kuchomelea amwite mwenye uzoefu. Ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua.

Ikiwa kuchomelea hakuwezekani, au kumejaribiwa kukashindikana, inabaki kutoboa. Kutoboa kunadai unyoofu na kuwa katikati kabisa, na mambo hayo mawili hayapatikani kwa macho peke yake. Kipande kilichokatika huwa na uso wa mteremko, na biti, yaani ncha ya drili inayokata, ikiguswa juu yake huteleza kuelekea upande laini, yaani kwenye chuma cha hedi au manifoldi. Usawazishe uso huo kwanza kwa tupa au kwa jiwe dogo la kusagia, kisha upige alama ya senta panchi katikati kabisa, uitazame, na kama imekosea hata kidogo uirekebishe kwa kupiga tena kwa kuinamisha. Njia ya uhakika zaidi ni kutengenezewa bushi na fundi mkereza: kipande cha mviringo ambacho nje kinaingia bila kuchezacheza kwenye tundu la flanji (sehemu bapa yenye matundu ya bolti), na ndani kina tundu la milimita 3. Flanji au manifoldi ikirudishwa mahali pake na bushi ikawekwa, biti haina budi kupita katikati ya stadi. Mimi huona kwamba muda unaotumika kutafuta bushi ni mdogo kuliko unaotumika kurekebisha tundu lililokwenda upande.

Tumia biti za chuma chenye kobalti, anza na milimita 3, zungusha drili polepole na ukandamize kwa nguvu ya kutosha ili biti ikate badala ya kusugua, na uweke mafuta ya kukatia kila mara. Biti inayosugua tu bila kukata huupasha uso joto na kuufanya mgumu, na baada ya hapo hata biti nzuri italalamika. Nawashauri sana wenzangu watafute biti zinazokata kwa kuzunguka kushoto. Kwa kuwa mzunguko wake ni ule ule wa kufungua, mara nyingine kipande hulegea chenyewe katikati ya kazi na kupanda juu pamoja na biti.

Sasa niseme wazi kuhusu kile kifaa chenye hesi za kinyume kinachopigiliwa ndani ya tundu ili kuitoa bolti iliyokatika. Wengi hukikimbilia kwanza, na mimi ninakiweka mwisho kabisa, na kwa vipande vilivyogandishwa na kutu sikitumii bila kupasha joto kwanza. Fikiri jambo hili: stadi nzima, yenye unene wake wote, ilishindwa kuhimili nguvu iliyohitajika kuzivunja hesi zake kutoka kwenye kutu. Kifaa kinachoingia ndani ya tundu la milimita 4 au 5 ni chembamba kuliko stadi hiyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kutarajia kwamba kitahimili nguvu ileile. Juu ya hayo, kile chenye umbo la kupungua kuelekea nchani hukitanua kipande na kukibana zaidi kwenye kuta. Kimetengenezwa kwa chuma kigumu kinachokatika ghafla, na kikikatikia ndani, biti za kawaida haziwezi kukitoboa. Utahitaji biti za kabidi, au kupeleka kazi kwenye karakana yenye mashine inayokula chuma kwa cheche za umeme. Hapo ndipo njia zote za upole huwa zimefungwa kwa pamoja. Kifaa hicho kinafaa kwa bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi ambayo haina kutu, kwa kuwa hiyo huwa imelegea tayari.

Ikiwa tundu lako la katikati ni nyoofu, endelea kulipanua kwa hatua ndogo mpaka ukaribie shina la hesi. Kwa hesi ya M8 (ya kipenyo cha milimita 8) yenye hatua, yaani umbali kati ya hesi moja na inayofuata, ya milimita 1.25, kipimo cha mwisho ni milimita 6.8, na kwa M10 yenye hatua ya 1.5 ni milimita 8.5. Kinachobaki ni utando mwembamba wa chuma wenye umbo la hesi, ambao huweza kukunjwa kwa ndani kwa ncha ya patasi ndogo na kuvutwa kama waya. Kisha pitisha tapu (kifaa cha kukatia hesi ndani ya tundu) ya kipimo cha hesi hiyo, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, ukiitoa mara kwa mara na kuisafisha. Tapu nayo ni ngumu na hukatika, kwa hiyo ikianza kunesa itoe, usiilazimishe.

Hesi za tundu zikiwa zimeharibika, kuna suluhisho la heshima kabisa linaloitwa helikoili, ambalo ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosukwa kwa umbo la hesi. Kwa M8 tundu hutobolewa kwa milimita 8.3 hivi, hukatwa hesi kwa tapu maalumu inayokuja na seti hiyo, na waya huzungushwa ndani hadi ushuke robo au nusu mzunguko chini ya uso, kisha kijiti chake cha chini hukatwa na kuondolewa, jambo ambalo halipaswi kusahaulika kwa sababu kipande hicho nacho kinaweza kuishia kwenye turbini. Katika alumini, hesi ya namna hii mara nyingi huwa imara kuliko ya awali. Na ikiwa tatizo liko kwenye flanji ya manifoldi ambayo upande wake wa nyuma uko wazi, wakati mwingine inatosha kulipitisha tundu moja kwa moja na kutumia bolti ya joto kali yenye nati nyuma yake.

Kipande kikishatoka, watu huona kazi imekwisha, na uchovu huwasukuma kufunga haraka. Huku ndiko ninakowaomba wasikimbie. Badilisha stadi zote za turbo pamoja na nati zake, zikiwemo zile zilizotoka vizuri, kwa sababu zimepitia joto lilelile na miaka ileile. Chukua zilizotengenezwa kwa ajili ya ekzosi. Namba 8.8 iliyopigwa juu ya kichwa cha bolti ya kawaida inaeleza nguvu yake katika hali ya ubaridi, haikuhakikishii chochote kuhusu tabia yake kwenye nyuzijoto 700, na ile rangi ya fedha inayoipamba ni zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 419. Paka grisi ya joto kali yenye nikeli au shaba kwenye hesi ikiwa mtengenezaji anaruhusu, ukikumbuka kwamba hesi iliyopakwa grisi huteleza zaidi, hivyo kipimo kilekile cha toki renchi huivuta stadi kwa nguvu kubwa kuliko hesi kavu. Kipimo cha kukaza kitoke kwenye kitabu cha gari husika. Kadirio la jumla halitoshi hapa.

Laza rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi na wa flanji uone kama kuna mwanga unaopita chini yake, kwa kuwa uso uliopinda utavuja moshi na kuvuta stadi kwa upande hadi ikatike tena. Gasketi iwe mpya na ikae kavu, bila gundi ya silikoni. Silikoni isikaribie mabomba ya oili pia, kwani vipande vyake vinavyochomoza ndani humeguka na kuziba njia. Bomba la kuingiza oili libadilishwe au lisafishwe hadi lipitishe oili kwa wingi, na bolti yake yenye tundu ikaguliwe kama ina chujio dogo ndani, maana chujio lililoziba ndilo lililoua turbo nyingi za zamani. Ondoa oili yote iliyotuama ndani ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na mabomba ya hewa hadi yasibaki na dimbwi lolote. Injini ya dizeli inaweza kuwaka kwa oili hiyo na kupandisha mzunguko bila kudhibitika. Rudisha ule mkono wa kuegemeza turbo, na uufunge mwisho, baada ya nati za flanji, ili usiivute turbo kwa upande.

Oili na filta viwe vipya. Mimina oili safi kwenye tundu la kuingilia la turbo na uzungushe shafti kwa kidole, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiwasha mpaka taa ya oili izimike. Baada ya kuiwasha, iache ingurume taratibu kwa dakika kadhaa bila kukanyaga mafuta, huku ukikagua kila kiungo kwa tochi.

Baada ya safari chache za mwanzo, subiri injini ipoe kabisa, kisha ukague nati za turbo. Masizi meusi kando ya gasketi, au mlio kama wa nyoka unapoongeza mwendo, humaanisha moshi unapita. Nati moja ikikutwa imelegea, ikaze kwa kipimo chake mara moja tu. Ikilegea tena, stadi hiyo imevutika au haikushika vizuri kwenye tundu, na inapaswa kutolewa sasa ikiwa bado mpya na hesi zake hazijashikwa na kutu.